Nirudishieni Kizuia Matangazo Changu

Agapiti Masele,
Mkulima na mfugaji,
Nyuma ya mnada wa zamani,
Runzewe, Bukombe.

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kukamata Wanaozuia Matangazo,
Tovuti ya Kutazamia Video (mnajijua),
Ng'ambo.

YAH: MKE WANGU KWENDA CHATO KWA SABABU YENU

Ndugu Mkuu,

Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, na tuendelee. Natumaini wewe na wenzako mnaokaa hapo kuwinda watu wenye vizuizi mu wazima, na mifugo yenu pia kama mnayo. Huku kwetu mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na hatuna shida yoyote isipokuwa hiyo mliyotuletea ninyi.

Naanza na lililo kubwa ili usije ukaiacha barua katikati, maana nimeambiwa watu wa mtandao hamsomi kitu kirefu. Mke wangu Eufrasia, ambaye hapa tunamwita Mama Vaileth, amekwenda kwa kaka yake Chato tangu Jumatatu na hajarudi. Ameondoka kwa sababu ya matangazo yenu. Nataka kizuia matangazo changu kirudi na mke wangu arudi, kwa mpangilio huohuo, kwa sababu naamini nikipata cha kwanza huyo wa pili atakuja mwenyewe.

Mimi si mtu wa kutazama ovyo. Natazama jambo moja tu. Kuna mzungu mmoja, sijui wa nchi gani lakini ni nchi yenye majani mengi, kazi yake ni kukata kwato za ng'ombe. Ng'ombe anaingizwa kwenye kizuizi cha chuma, mguu unafungwa mkanda, jamaa anashika kisu na kuchonga taratibu mpaka kwato inakuwa safi kama sahani. Wakati mwingine anakuta jipu ndani. Hapo, Ndugu Mkuu, hata mtu akiniambia paa linaungua nitamwomba asubiri kwanza usaha utoke.

Kwa miaka miwili nilitazama kwato bila tangazo hata moja. Denis, fundi simu wa pale stendi, mtu mzima mwenye familia yake, ndiye aliyenipachikia kizuizi. Halafu siku moja, kisu kikiwa kimeshaingia kwenye kwato, kioo kikawa cheusi. Mkaniandikia kwamba vizuia matangazo haviruhusiwi kwenye tovuti yenu, nichague ama kuruhusu matangazo ama kulipia. Kulipia ni kinyume cha msimamo wangu. Nikaruhusu, na hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kuharibika.

Lazima nikueleze utaratibu wa nyumba yenyewe. Nikitoka shambani nakula, kisha nakaa barazani kwenye kiti changu cha kamba na simu yangu. Kuanzia hapo, yeyote atakayenisemesha namjibu "ee". Sisi Wasukuma hatumwachi mtu aongee kama anaongea na ukuta. Mtu akisema, anaitikiwa. Na mimi nimeitikia. Katika miaka miwili hakuna aliyenisemesha barazani kwangu nikamkalia kimya, na ninakuomba unionyeshe mume mwingine mwenye sifa hiyo, huko kwenu au popote. Amani ilikuwepo. Sikumbuki Mama Vaileth akilalamika hata mara moja katika muda huo wote. Ni kweli kwamba nisingekumbuka, kwa sababu sikuwa nasikia, lakini amani ninayoidai ndiyo hiyohiyo.

Sasa malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Mmeharibu uongozi wangu. Tangazo la kwanza kabisa lilikuwa la sabuni ya kufulia. Sikuwa na la kufanya mpaka liishe, kwa hiyo nikainua kichwa, nikaona uani kwangu kumejaa watu wanasali. Nilidhani tuna msiba, nikavua kofia. Kumbe ilikuwa Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei, na walikuwa wanakutana kwangu kila wiki kwa sababu mwenyekiti wao ni mimi. Mwenyekiti tangu Pasaka! Walikuja kuniomba nikasema ee, wakanisimika nikasema ee. Mama Mektilda, ambaye ni katibu, aliniambia huku machozi yanamlengalenga kwamba jumuiya haijawahi kupata mwenyekiti mpole kama mimi, asiyeingilia mtu, anayekubali kila hoja. Kwa hisani yenu sasa najua kwamba mimi ni mwenyekiti, na nimeanza kutoa maoni. Wiki ya kwanza nilitoa maoni juu ya zamu za kufagia kanisa. Wiki iliyofuata nilitoa maoni juu ya sauti ya Mama Mektilda anapoanzisha nyimbo. Leo jumuiya ni mbili, na ile ya pili inasali kwa jirani yangu Kamili, mtu ambaye hana hata benchi.

2. Mmenidhalilisha mbele ya kitongoji kizima. Wakati wa tangazo la mikopo ya haraka nilitupa jicho zizini, nikaona maksai wangu mwekundu hayupo. Nikapiga mwano, na kwa desturi yetu mwano ukilia kila mwanaume anatoka na fimbo kumfuata mwizi. Walitoka wote. Mama Vaileth naye akatoka jikoni, akaeleza mbele ya fimbo zote hizo kwamba maksai alianza kuchechemea zamani, kwato ya mbele inaoza. Kwamba aliniomba nimwangalie nikasema ee, akaniomba tena nikasema ee. Na kwamba mwisho aliniuliza kama Kamili amchukue amtibu halafu alime naye msimu huu, nikasema ee kwa furaha. Walinitoza mbuzi wa supu kwa kupiga mwano wa uongo. Na lililonichoma zaidi ni kwamba mnyama wangu alikuwa anaoza kwato nyuma ya kiti kilekile ambacho mimi nilikuwa nimekalia nikijifunza kukata kwato. Nisingelijua hilo, lisingeniuma. Ninyi ndio mlionijulisha.

3. Mmenikosesha raha ya maisha. Binti yetu wa kwanza, Vaileth, anafundisha chekechea Ushirombo. Kwetu mahari hujadiliwa kwa vijiti, kila kijiti ni ng'ombe mmoja. Upande wa binti unapanga vijiti vingi chini, upande wa kijana unaomba kupunguza, na baba anatakiwa akatae, anune, hata ainuke aende zake nyuma ya nyumba ili wamfuate kumbembeleza. Hiyo kununa nimeisubiri tangu Vaileth anatambaa. Nilikuwa nimeshachagua mpaka mahali pa kusimama nyuma ya nyumba. Likaja tangazo la kubashiri mpira, nikageuka, nikakuta wageni watatu kutoka Maganzo wamekaa kwenye viti vyangu vizuri, na vijiti vilivyobaki chini havitoshi hata kuwashia moto wa chai. Kila walipoomba kuondoa kijiti, nilikuwa nimeitika. Mshenga wao, Mzee Maganga, alinishika mikono yote miwili akasema tangu aanze kazi ya ushenga hajapata kukutana na baba mstaarabu kama mimi. Nilitaka kununa, lakini tangazo likaisha. Kijana mwenyewe ni mchapakazi na Vaileth anampenda, sina neno naye. Neno langu ni juu ya vijiti.

4. Matangazo yenu yana sauti kubwa kuliko video. Kuku wangu mmoja ameacha kutaga tangu lile tangazo la mabati. Hili ni dogo, lakini ni la kweli.

5. Mke wangu.

Jumatatu mchana lilikuja tangazo la mafuta ya kujipaka, moja ya yale mafupi ambayo kitufe cha kuruka kinatokea mapema. Nikageuza shingo. Mama Vaileth alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kitenge kipya na kichwani amesuka. Sikujua amesuka lini. Begi lilikuwa miguuni pake. Alikuwa anasema kitu, na usoni nilimwona kabisa kwamba alikianza zamani na sasa anakimalizia. Kisha akaniuliza swali. Najua lilikuwa swali kwa jinsi alivyoinua nyusi na kusubiri. Maneno yenyewe sikuyapata, kwa sababu tangazo liliisha palepale, ng'ombe akarudi, na kwenye kwato kulikuwa na jipu. Nikasema ee.

Alitabasamu, Ndugu Mkuu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mtu anayemkimbia mume wake hatabasamu namna ile, au labda anatabasamu, mimi nitajuaje? Alichukua begi. Tangazo la pili lilipokuja, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Nilijiambia amekwenda sokoni. Jioni nikajiambia soko la leo limechelewa kufungwa. Nilipiga simu yake haikupokelewa. Kesho yake alinipigia shemeji yangu Donatus kutoka Chato, kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kunisalimia, akasema dada yake amefika salama, hataki kuongea na mimi, na ameacha ujumbe mmoja tu: nikikumbuka nilichokubali, ndipo nipige.

Sasa nitakumbukaje kitu ambacho sikukisikia? Nilifanya kosa la kuzunguka kwa majirani kuuliza kama kuna anayejua nilichokubali. Kila mmoja alikuwa na lake! Edson wa mashine ya kusaga alinikumbusha kwamba nilimruhusu kupitisha njia ya mikokoteni katikati ya shamba langu la mihogo. Mama Mektilda alisema nilikubali kuigiza Herode kwenye sherehe ya Noeli, na nguo zimeshashonwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na ahadi za kunitosha mpaka uzeeni, lakini ile ya Mama Vaileth hakuna aliyekuwa nayo. Aliniambia mimi peke yangu.

Nimeumia, nakwambia waziwazi. Ugali naupika mwenyewe na unashika chini ya sufuria. Asubuhi nimejikuta naweka vikombe viwili.

6. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo kosa lenu linapoonekana. Kama mngeniachia kizuizi changu, nisingegeuza shingo. Nisingegeuza shingo, nisingemwona amesuka, wala begi, wala lile swali. Ningekuwa bado barazani na furaha yangu, nikijua mke yupo mahali fulani hapa nyumbani, na ningeendelea kujua hivyo pengine mpaka Krismasi. Ninyi mmemwambia mtu kwamba ameachwa wakati hakuuliza. Na wanaume wanaokaa barazani na simu si mimi peke yangu. Fikiria kila nyumba kuanzia hapa mpaka Kahama, kila mume akiinua kichwa kwa wakati mmoja na kuona yaliyotokea. Nchi haiwezi kuhimili jambo kama hilo.

Na msiniambie hamkuweza kunionya. Kizuizi kilichojificha ndani ya simu, kwenye baraza la Runzewe, mlikigundua mkiwa ng'ambo. Mwenye macho ya kuona hilo anashindwaje kumwona mwanamke mrefu, mwenye kitenge kipya, amesimama nyuma ya simu hiyohiyo? Mliweza kuniandikia kwa herufi kubwa kwamba nazuia matangazo. Mlishindwa nini kuniandikia kwamba Mama Vaileth anaongea?

7. Hili la mwisho si lalamiko, ni ombi, na naliandika kwa unyenyekevu. Denis anasema, na stendi nzima inasema, kwamba simu hutusikiliza; ukizungumza habari za mabati leo, kesho unaletewa tangazo la mabati. Sijui kama ni kweli. Zamani ningekasirika kusikia hivyo, lakini leo naomba sana iwe kweli. Kama mnasikiliza, basi Jumatatu mlikuwepo barazani kwangu, na swali la Mama Vaileth mlilisikia lote tangu alipolianza. Naomba nakala yake. Si lazima igongwe muhuri. Naona aibu kumwomba mtu wa mbali maneno yaliyosemwa mlangoni kwangu, lakini sina pengine pa kuyapata.

Basi, kwa muhtasari, naomba kizuizi changu kirudishwe. Jumuiya iandikiwe barua kwamba maoni yangu yalitokana na hitilafu ya mtandao. Mazungumzo ya Maganzo yaanze upya nikiwa nasikia. Na shemeji yangu Donatus atumiwe maelezo rasmi kuonyesha kwamba mimi katika jambo hili ni mhanga. Kama hamtajibu mpaka mwisho wa mwezi, nitarudi kwenye redio, na mtajua hamjui.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule aliyeandika lile onyo jeusi. Mwambie simchukii yeye, naichukia kazi yake. Mkionana na mzungu wa kwato, mwambieni ng'ombe wa Runzewe wanamjua kwa jina. Vaileth anawasalimu, na mchumba wake pia. Mama Mektilda anawasalimu lakini si kwa moyo wote. Kamili sikumwambia kwamba nawaandikia.

Naomba nikomee hapa kabla karatasi haijaniishia. Ni mimi, mwenye nyumba isiyo na mwenyewe,

Agapiti Masele,
Mwenyekiti wa nusu ya Jumuiya ya Mtakatifu Yuda Tadei.

Nyongeza: Denis alipokuja kuichukua barua hii ili aichape na kuituma, aliisoma yote kwa kusimama, akanionea huruma. Akaniambia ana kizuizi kipya ambacho ninyi bado hamjakijua, akanipachikia palepale bila kudai kitu. Kinafanya kazi. Nimetazama ng'ombe wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne, bila tangazo hata moja. Hakuna aliyenisemesha. Katikati ya ng'ombe wa nne nilijikuta nasubiri tangazo lije ili nipate kuinua kichwa, na tangazo halikuja. Basi nikakiinua mwenyewe, nikampigia Mama Vaileth.

Safari hii alipokea. Sikuwa nimekumbuka chochote, na nikamwambia hivyohivyo: sikusikia, naomba uniulize tena. Kwanza akaniuliza kama ni tangazo limeingia, ili ajue ana muda kiasi gani. Nikamwambia ndiyo, na ni refu.

Akaniambia. Mama yake anaumwa, hapo Chato kwa Donatus, na alinieleza tangu tukiwa tunavuna. Jumatatu aliniuliza kama tutakwenda wote kumwona, nikasema ee. Hakunikimbia. Alitangulia stendi kunishikia kiti nimalizie ng'ombe wangu, akaliweka begi juu ya kiti hicho, konda akagombana naye, watu wakasimama, na yeye akakataa kuliondoa mpaka gari lilipofika Chato.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, futa malalamiko yote niliyoyaandika hapo juu, isipokuwa la kuku. Kizuizi nimemwambia Denis akitoe, na mimi kesho napanda basi. Ninachoomba sasa ni kwamba matangazo myarefushe, na kile kitufe cha kuruka mkiondoe kabisa, maana tumeongea mpaka salio likaisha na Mama Vaileth alikuwa bado hajafika katikati.